Nusu ya Wimbo wa Baba

Dalmandi,
Banaras.
9 Machi 1986

Mpendwa mdogo wangu Iftikhar,

Assalaam alaykum. U hali gani na baridi ya Leicester? Kile kikohozi kimekwisha? Wifi yangu Rafia na mtoto wanaendeleaje? Sisi miili mizima, Alhamdulillah. Mama ameanza kula kidogo, ila hutoka mezani akijifuta macho.

Telegramu ilikwambia Baba amefariki, basi. Yaliyobaki ndiyo haya.

Kiharusi kilimpata mwezi wa Novemba, kikapooza upande wote wa kushoto. Mkono wa kushoto, Ifti! Ule wa kubania nyuzi. Alilala akitazama zeze lake la sarangi ukutani, mpaka siku moja akaniomba niishushe niifute vumbi.

Niliifuta. Kisha, sijui nini kilinipata, nikaanza kuzikaza nyuzi. Zote, mpaka zile ndogo thelathini na kitu za chini, moja moja. Nilipomaliza nikasikia sauti yake kitandani.

"Nani kazikaza?"

"Mimi, Baba."

"Uongo. Lete mkono."

Akapapasa mashina ya kucha zangu, pale tunapobania nyuzi. Wewe unajua alichokuta: ngozi ngumu, mifereji ya nyuzi. Miaka yote nilimwambia Mama ni sugu za kusugua masufuria.

"Tangu lini?"

Nikamwambia tangu ulipoondoka. Alipokuwa akikufundisha nilikuwa nyuma ya pazia nikikata vitunguu, na kila alichokuchapia nilikishika. Ulipokwenda zako, nikaichukua sarangi yako ndogo, nikawa napiga kila atokapo kwenda kupiga redioni. Miaka kumi na mmoja.

Sikuwahi kumwona Baba akilia. Alilia, mdomo umepinda, akisema, "Nilitafuta mwanafunzi mji mzima, kumbe ananipikia chai. Kwa nini hukuniambia?"

Ningemwambiaje? Si yeye aliyesema binti wa nyumba hii akishika upinde hataolewa? Na sikuolewa vilevile.

Akajifuta kwa mkono mzima. "Kesho alfajiri tunaanza. Ukikosea nitakuchapa, bado ninao mkono mmoja."

Akanifundisha Todi, wimbo ule wa babu yake ambao hakumpa mtu wa nje. Aliimba kwa ulimi mzito, mimi nikafuata, mapigo akiyahesabu kwa kupiga ubao wa kitanda. Akichoka ananitukana. Ifti, sijawahi kufurahi kama siku zile, nami naona haya kukuandikia hivyo, maana alikuwa anakufa.

Sehemu ya kwanza tuliimaliza Jumatano. Akasema, "Sasa imekaa. Kesho tunapanda juu, sehemu ya pili." Alhamisi nilipoingia, kiharusi cha pili kilikuwa kimeshamchukua ulimi. Alikuwa akinitazama tu, akigonga ubao mara moja moja, akinianzishia mapigo. Nikapiga nilichokuwa nacho, nikakirudia, mpaka mkono ukaacha kugonga.

Siku ya matanga Ami Nazakat alisema sarangi ipewe mkwewe, kwa kuwa mwanamke wa ukoo huu hajawahi kuigusa. Mama, ambaye miaka yote hamjibu shemeji yake, akamwambia, "Basi kamtazame wa kwanza, yuko chumbani. Na umalize chai yako, inapoa." Ami kanuna mpaka leo.

Sikulaumu kwa kuondoka. Zamani nilikulaumu, sana. Nilikuonea wivu fimbo ulizokuwa ukichapwa.

Lakini sehemu ya pili ya wimbo, duniani imebaki kwako peke yako. Ulifundishwa ukiwa na miaka kumi na miwili, mlango umefungwa, hata pazia langu halikunifaa. Najua umesema hutaki kuisikia tena sarangi maishani, na kiwanda hakikuachii nafasi. Nakuomba siku moja ya mapumziko tu. Funga mlango, washa kinasa sauti, uimbe unachokumbuka, unitumie kaseti. Usiogope kukosea. Usijaze palipopotea, nyamaza hapo, nami nitajua ni hapo.

Mama anakubusu usoni na kukuombea dua kila sala. Bibi Asghari wa jirani anakupa pole. Mpe wifi salamu, umbusu mtoto kwa niaba ya shangazi asiyemjua.

Mungu akupe subira, akujalie usingizi mwema ugenini.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kamar Jahan