Ngoma Ilipokuwa Bado Baridi

Mjukuu wangu Hadija,

Amahoro. Huku Rumonge tu wazima. Mama yako amemaliza kukamua mawese, na goti langu limetulia. Unauliza: kundi lenu la fidla likicheza na chama cha ngoma cha mtaani, nani amfuate nani?

Niliona jambo hilo mara moja, enzi za Wadachi. Wanne kati ya Wajerumani hao walikuja na fidla, wakaomba kucheza na chama chetu cha wanawake arusini. Kiongozi wetu, Bi Zena, alikubali, ingawa alijua kwamba tukiaibika, arusi zote zitahamia kwa wapinzani wetu, wanawake wa kijiji jirani cha Kizuka.

Mkubwa wao akatazama saa, wakaanza kabla ngoma hazijaota moto. Nikapiga yangu, ikalia kama kikapu.

"Waiteni wa Kizuka!" mtu akacheka.

Bi Zena akasimama mbele ya fidla. "Bwana, ngoma iko baridi. Ulipokaza nyuzi zako tulikungoja. Sasa ngoja tukaze ngozi."

Mdachi hakukasirika. Alichuchumaa motoni, fidla kwapani, akaigeuza ngoma yangu juu ya makaa, akiigonga na kusikiliza. Ngoma ilipoamka, nyuzi za fidla yake zilikuwa zimelegea kwa joto.

"Haya, kaza," alisema Bi Zena, akikaa chini. "Tunangoja."

Arusi iliyofuata tuliitwa sisi. Nani alimfuata nani, sikumbuki. Nami nakuuliza: ngoma za mtaa wenu huota moto kwa muda gani?

Bibi yako, Rumonge