Sauti Yako Kwenye Somo la Sehemu

Dada Eufemia,

Sijui nianzie wapi. Ulipotuacha, somo letu la hesabu za sehemu tulikuwa hatujalimaliza, nikalimalizia peke yangu. Sasa watoto wanalisoma kwenye vishikwambi, hapa Mbinga na huko Kihagara kwa mama yetu. Programu inafanya vilevile ulivyotaka: anayepata anasogezwa mbele, anayekosa anarudishwa kwenye maelezo mepesi. Na maelezo yale mepesi yote ni sauti yako. Unakumbuka tulivyorekodi stoo, umejifunika khanga gubigubi ili mvua ya kwenye bati isisikike? Ukacheka katikati. Nikataka tuanze upya, ukasema, "Acha, watoto nao wacheke."

Sasa Oliva wako. Huyo uliyekuwa ukimsuka huku unamuuliza hesabu. Programu inaonyesha ndiye wa mwisho. Nikadhani ina hitilafu, nikaipekua yote. Haina. Nikapanda gari hadi Kihagara, nikakaa naye barazani kwa mama. Swali likaja: nusu jumlisha robo. Akanong'ona, "Robo tatu." Halafu kidole kikabonyeza jibu jingine.

Ukaanza kuongea. "Si kitu, mwanangu. Twende polepole." Akafumba macho.

"Oliva, mbona jibu unalijua?"

"Nikipata, mama mdogo, Mama haongei."

Eufemia, tulitengeneza nini sisi? Sikujua nimkemee au nimkumbatie. Mama yetu anasema nikutoe humo, aliyelala aachwe apumzike. Lakini wapo watoto ambao bila wewe hawaelewi kabisa. Nilitaka kufuta, mkono ukagoma.

Mwishowe nikazinakili sauti zako zote kwenye simu ya bibi yake. Nikamwambia, "Msikilize unapotaka. Huna haja ya kukosa." Kesho yake, kabla sijaondoka, akapata maswali yote, akalivuka somo. Nilidhani nitafurahi. Nikalia mbele ya mtoto. Hata sasa sielewi kama nimemsaidia, au nimemtenga nawe mapema mno.

Somo linalofuata ni la desimali, nalo hukuwahi kulirekodi. Bibi yake akauliza, "Sasa hilo nani atawasomea watoto?"

Oliva akajibu, "Mimi."

Basi Jumamosi narudi Kihagara na kinasa sauti. Sijui itakuwaje, sauti yake ndogo hiyo. Lala salama, dada yangu. Nakuahidi nitakaa naye mpaka aseme mwenyewe kwamba amemaliza.

Wako,
Skola