Kibali cha Safari ya Jumanne

5 Machi

Dada yangu,

Kabla hata sijakusalimu, nakuomba barua hii usimsomee mtu, hata mgonjwa mwenyewe, na ukimaliza uichane. Kila neno humu linaweza kunifukuzisha kazi. Sasa shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Shemeji anaendeleaje? Usingizi anaupata?

Ni hivi. Jumanne ile ya ajali mumeo hakuwa kwenye shughuli zake binafsi. Gari la ofisi lilikuwa gereji, meneja akamwambia mbele yangu, "Chukua lako, hiyo pampu ifike kwa mteja kabla ya saa sita." Bima ya kampuni humlipia mfanyakazi aliyepata ajali safarini kikazi, hata akiwa na gari lake, mradi ana kibali cha safari. Lakini sisi hapa vibali hatujazi kabla ya safari. Navijaza mimi kila Ijumaa, vya wiki nzima kwa mkupuo, meneja anasaini. Ijumaa ile nilipofika kwenye jina la shemeji, akaliwekea kidole. "Huyu mruke." Nikamwambia alitumwa. Akasema, "Kijana, pasipo na karatasi hapana safari." Anaogopa makao makuu wasije wakajua kwamba alimtuma mtu bila kibali.

Nami nikamruka. Nisamehe.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijambo, kama kulala kwenye benchi la wodi wiki mbili ndiko kuwa hujambo. Shemeji yako mguu umening'inizwa, umefungiwa chuma kizito. Daktari anasema nyonga isipopasuliwa tena ndani ya mwezi itaunga vibaya, atakuwa mtu wa magongo maisha yake. Bila bima hawampasui.

Anakusalimu, bado anakuita Karani Mkuu. Anasema, "Mwulizeni Karani Mkuu, ile pampu nilikuwa nimeichukua tukatembee?" Akacheka, kicheko kikamtonesha, akalia.

Aliyekutafutia hiyo kazi ni nani? Kitabu cha vibali kiko mezani kwako, kalamu unayo. Unasubiri nini?

Dada yako

15 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama. Nimejaza. Kitabu cha zamani kilikuwa kimekwisha, nikachukua karatasi ya kwanza ya kitabu kipya, nikaandika tarehe ya Jumanne ile, pampu, jina la mteja, namba ya gari. Hakuna uongo humo. Nikaichomeka katikati ya vibali vya Ijumaa, meneja akasaini huku anaongea na simu. Leo asubuhi nakala nimewapelekea watu wa bima kwa mkono wangu. Mwambie shemeji ajiandae kwa operesheni.

Mdogo wako

4 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu tuziache. Mkaguzi wa bima alikuja wodini. Mtu mpole, alivua kofia. Anasema kibali kina namba ya kitabu kilichotoka kwa mchapaji tarehe kumi Machi, na ajali ni ya Februari. Kwa hiyo ni cha kughushi. Madai yamefutwa, na kampuni yenu imemfukuza shemeji yako kazi kwa udanganyifu. Meneja ameapa saini si yake.

Na sikiliza linalonikereketa zaidi. Mteja alikuwa ameshawaambia watu wa bima kwamba siku ile meneja alimpigia simu, akamtajia aliye njiani na pampu. Mkaguzi akasema hilo peke yake lingetosha. "Tulikuwa tunakaribia kulipa, mama. Kilichoharibu ni karatasi hii."

Alipouliza nani aliijaza, shemeji yako akasema, "Mimi." Mtu hawezi hata kugeuka kitandani, anasema alijaza yeye. Akanitazama, nami sikumkanusha. Mwezi aliosema daktari unakwisha. Nyonga inaunga ilivyo.

Usiniandikie kunipa pole.

Mke wa shemeji yako

20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sijui kama utaifungua hii. Ndani mna bahasha ya pili. Ni maelezo yangu kwa watu wa bima: nani alimtuma shemeji, nani aliniambia nimruke, nani alijaza kibali na lini. Nimesaini. Nilifika nayo hadi mlangoni kwao mara mbili. Mara ya pili mlinzi akaniuliza, "Unaingia au unasoma bango?" Nikamwambia nasoma. Nimeshindwa, dada. Nakuachia wewe uipeleke au uichome, na najua kukuachia huko nako ni uoga.

Kazini nimeondoka bila kuaga. Ukitaka kunipata, nimepanga chumba nyuma ya duka la vioo, barabara ya stendi ya zamani, mlango wa tatu, wa kijani. Barua ipitie kwa mwenye duka, andika tu "mpangaji wa uani". Simu nimezima. Nitaiwasha Jumapili, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Lakini ukiipeleka hiyo bahasha, usihangaike kunitafuta ili uniambie. Nao watu wa bima nimewaandikia anwani hiyo hiyo, chini ya saini yangu.

Mdogo wako