Hamali Aliyeanguka Kariakoo

Shikamoo kaka Hamisi,

Joto la Dar halisemeki. Kozi yetu sisi waganga wa zahanati ni ya diski na kano za uti wa mgongo, na namna ya kumbeba aliyeumia.

Leo sokoni Kariakoo hamali mmoja aliteleza na gunia la mchele. Wenzake wakamshika makwapa wamkalishe, wampe maji. Nikapiga kelele, "Msimwinue! Leteni ubao!" Muuza vitunguu akang'oa meza yake. Tukamlaza chali, shingo nimeishika mimi. Alichezesha vidole vya miguu mpaka hospitali.

Kaka, siku ile ulipoanguka kutoka paa la ghala la kijiji, mimi ndiye niliyekukalisha, nikakupakia kwenye baiskeli. Watu wakanisifu kwa haraka yangu. Na wewe ulikuwa unachezesha vidole vya miguu kabla sijakuinua. Niliviona.

Kadi hii haina bahasha, ofisi nzima ya kijiji itaisoma kabla yako. Waisome tu. Nikirudi, nitakuja kukugeuza ubavu hapo kitandani kila asubuhi, kama shemeji atanifungulia mlango.

Mdogo wako,
Athumani