Jina Lako Mbele ya Komiseri

Papa Amuri,

Najua ungeuliza kwanza habari za gitaa, ndipo uulize habari zetu. Gitaa ni zima. Mama Safi, mke wako, analilaza kitandani upande wako, na asubuhi analifuta vumbi kabla hajanawa uso. Sisi tupo. Mtaa wetu wote wa Alunguli unakukumbuka, mimi zaidi.

Ile jioni ya muziki ya kuchangisha pesa za magitaa, uliyokuwa ukiipanga, imefanyika. Ulipofariki wengi walitaka ifutwe; nyumba ya matanga haipigi gitaa, walisema. Mama Safi akakataa. Eda inamzuia kutoka, lakini haikumzuia kusema: "Amuri alitaka hawa watoto wapate magitaa yao. Muende, muimbe." Basi tukavuka Lualaba kwa mtumbwi, wanafunzi wako wote, na gitaa lako moja nimelibeba mgongoni kwa kitenge, mpaka ukumbi wa watu wa reli.

Unajua desturi: hakuna muziki kabla ya wimbo wa kumsifu Kiongozi wa nchi, Guide wetu. Na unajua ulivyotufundisha wimbo ule! Umetoka karakana ya reli na uchovu wako, umekaa juu ya ndoo, unatutania: "Jina ya Guide tusiichakaze mu mazoezi. Mutie yangu, yangu haina kazi." Miezi yote mimi nikaita Amuri, watoto wakaitikia "Yuko mbele!", nawe ukapunga mkono kama mkubwa wa Chama. Mama Safi alitutupia maganda ya mihogo kwa kucheka.

Siku yenyewe komiseri wa zone, mkubwa wa serikali hapa kwetu, alikaa mstari wa kwanza, suti yake ya abakosti imepigwa pasi. Nikafika mahali pa jina. Likatoka lako. Watoto, kwa mazoea, wakaitikia kwa nguvu zote. Nikaita tena, likatoka lako tena.

Niliona magitaa ya watoto yamekwenda, na mimi nalala kasho, nyuma ya nondo za polisi. Komiseri akageuka nyuma.

"Huyu Amuri njo nani?"

Mzee mmoja wa reli akasimama. "Njo ule alifundisha hawa watoto, Sitwayeni Komiseri. Tulimuzika mwezi uliopita."

Sijui moyoni mwake kulipita nini. Labda aliogopa kuonekana mjinga, labda naye ana mtu wake aliyemzika. Alisimama polepole, akavua kofia, akatangaza kwa sauti ya mkutano kwamba raia mwema hukumbukwa na Chama. Watu wote wakasimama. Kinamama wakalia. Kisha akapanda jukwaani, akanibandika noti kwenye paji la uso, na wengine wakamfuata mpaka jasho langu likashindwa kuzishika. Magitaa yameagizwa, Papa. Yanakuja na treni.

Sasa sokoni naitwa Zaina Mkosa-jina. Ulimi hauna mfupa, nawaambia, nao wanacheka. Lakini wewe sitakudanganya. Mara ya kwanza ulimi uliteleza kweli. Mara ya pili nilikuwa na akili zangu zote. Jina la Kiongozi lilikuwa tayari mdomoni, nikalimeza.

Siku ya maziko wanaume walikubeba, sisi wanawake tukabaki uani. Nilisikia hatua zao zikififia njiani, na sikupata kukuita hata mara moja. Tangu siku ile jina lako lilikuwa limenikaa kooni. Pale jukwaani nikaona nafasi, nikaitumia, huku nikijua naweza kuwapotezea watoto kila kitu. Nilifanya vibaya. Nisamehe, maana wao siwezi kuwaambia.

Sitarudia. Mbele ya wakubwa nitaimba kama inavyotakiwa, ili watoto wasikose. Na nitawafundisha wote, hata yule wa vidole vifupi ambaye ulitania kwamba atufulie nguo tu. Hiyo ni ahadi.

Nenda salama, Papa. Nimekuita, na watu wakasimama.

Mwanafunzi wako,
Zaina