Pikapu Imewaka, Nimekwenda Nayo

Baba Violet,

Chai iko kwenye chupa, mihogo iko jikoni. Kuku usimguse, ni wa jioni.

Pikapu yako imewaka. Ulipokwenda kwa jirani Kalisti kuazima nyaya za betri, niliketi ndani kuilinda, nikaona gia bado iko kwenye D, ya kwendea, pale pale ulipoiacha jana. Nikairudisha kwenye P, ya kuegeshea, maana haliwaki likiwa kwenye D, nikawasha, ikanguruma.

Na nilikwambia! Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Ukanijibu kwamba kwetu Moshi hakuna gari lililowahi kushinda msukumo. Haya, wazee wa kanisa wamesukuma na suti zao za Jumapili, huku wakiimba pambio, mpaka chini kabisa ya mteremko.

Mmoja wao, Mzee Kiplagat, yuko sebuleni, amejifunga kanga yangu. Mshonee suruali iliyompasukia akisukuma, kabla ya ibada. Uzi mweusi uko kabatini.

Nimekwenda na pikapu kazini, wagonjwa wa hospitali ya Arlington hawangoji, hata huku Marekani. Usinitumie namba kwenye peja, kile kidude changu cha kuitia, nimeizima.

~~Nitarudi kuwachukua.~~

Pandeni basi. Kituo mnakijua, ndipo mlipoifikisha pikapu.

Mama Violet,
dereva