Nimeiba Farasi wa Mtani Wangu ili Rumi Isianguke

Mpendwa Shangazi Tunu,

Naomba msaada, ijapokuwa kwa umri wangu wewe ndiye ungeniamkia, mie ni mzee wa Buguruni, shule niliishia darasa la nne kwa sababu mwalimu alikuwa na fimbo na mie nilikuwa na miguu, lakini kusoma nasoma na vita nimevijulia uzeeni, tena vita vya Warumi. Ilikuwa hivi, mwaka jana nilinunua Manzese kwenye mitumba boksi la mchezo wa Ulaya, ndani mna ramani ya kutandika mezani, dadu, na vipande vya karatasi ngumu, vingine askari wa miguu, vingine farasi, na kitabu cha Kiingereza ambacho jirani yetu Mwalimu Deogratias alitutafsiria. Majeshi ni mawili, Warumi na washenzi, basi mie Mzaramo, mtu wa pwani, nitaukubalije ushenzi, nikajichukulia Warumi upesi na washenzi nikamsukumia mtani wangu Leonardi, Mnyamwezi, nikamwambia, "Hao ndugu zako, waongoze." Kumbe haraka yangu ndiyo iliyoniponza, Mwalimu alipofika ukurasa wa pili tukaambiwa hiyo ni Rumi ya mwisho mwisho, imechoka, askari wachache, mipaka mirefu, nusu ya jeshi ni watu wa kukodi, ukitupa dadu vibaya wanakimbia.

Basi kila Jumapili Leonardi akitoka kanisani anakuja barazani kwangu kuichoma Roma, mji wa Rumi yangu, namwambia, "Mkatoliki gani wewe unachoma Roma, ngoja Padri asikie," naye ananijibu, "Padri ndiye kanituma, kasema mji ule hauwezi kulindwa na Mzaramo," na mke wangu Chausiku anacheka upande wa Leonardi, Shangazi, mara kumi na moja nimefungwa! Mwezi jana Leonardi alipokwenda kunawa nikachukua farasi wake wawili, nikawaweka kichwani, nikavaa kofia juu yao, na siku hiyo nikashinda. Afadhali angenitukana! Mtani wangu alisimama akanipa mkono, akasema, "Leo nakuvulia kofia, Mzaramo, na wewe vua," nikasema nina mafua. Kesho yake akaniletea jogoo wa heshima, nikamla.

Sasa desturi yetu ni kwamba aliyefungwa ndiye anayelaza boksi kwake, na Leonardi kwa kuwa hajawahi kulilaza akahesabu vipande, akaona farasi wawili hawapo, akajua wamepotelea nyumbani kwake. Kapindua magodoro, kamgombeza mkewe Rosalia kwamba kawafagia na taka, Rosalia kamnunia hampikii, na mwenyewe kanitumia salamu kuwa hakanyagi barazani kwangu mpaka awapate, maana ni aibu kupoteza mali ya mtani. Jumapili tatu kiti chake kitupu. Farasi ninao mfukoni mwa koti hapa ninapoandika. Nimwambie, au niwatupe chooni yaishe? Na nikimwambia, nitaiokoaje Rumi, maana kufungwa mara ya kumi na mbili sitaweza.

Mie Mwinjuma, Jemadari wa Rumi, Buguruni.

SHANGAZI TUNU ANAJIBU:

Mzee wangu, shikamoo. Heshima imeishia hapo, sasa nisikilize.

Mtani akitaka kuku wako anambeba mchana, mbele za watu, huku akikutukana na kucheka, na wewe huna la kusema. Ungewanyakua farasi wale ukapiga kelele, "Nimewakamata wakila mpunga wangu!" usingekuwa na haja ya kuniandikia. Wewe umeficha, ukadai mafua. Huo si utani tena, ni wizi. Na jogoo ukamla! Leonardi atakusamehe kabla hujamaliza sentensi. Kinachonikera mie ni kwamba umemsahau Rosalia, mwanamke wa watu anayesingiziwa ufagio kwa ajili ya kichwa chako.

Kuhusu vita, kosa lako nimeliona. Jeshi lako ni la mzee, wewe unaliongoza kama bwana harusi. Unataka kulinda ramani nzima! Miji ya mbali iache, mpe Leonardi aichome mpaka achoke. Kusanya askari wako nyuma ya mto, kama ramani yenu inao, na farasi wake usiwafukuze uwandani hata akikuita mwoga. Wale wa kukodi waweke katikati, askari wako mwenyewe nyuma yao, tuone watakimbilia wapi. Kisha funga malango ya Roma ungoje. Mgeni aliyekuja bila ghala, njaa itamrudisha kwao. Kama kitabu chenu kinahesabu chakula, muulize Mwalimu, utaokoka.

Lakini kwanza Jumapili hii, kabla ya kengele ya kanisa, nenda kwa Leonardi kwa miguu yako. Usimtume Chausiku. Beba jogoo mkubwa kuliko yule uliyemla, umkabidhi Rosalia, na umwombe yeye radhi kwanza, mumewe akisikia. Ndipo uwatoe farasi. Leonardi atakutoza faini ya utani, na atakutangaza mpaka Temeke. Lipa, ukae kimya.

Kisha tandikeni ramani palepale kwake, uilinde Rumi yako kichwa wazi. Kofia mpe Rosalia aishike mpaka mchezo uishe.